Kipande cha Kumi na Moja

Kamaludin hakuwa daktari wala muuguzi, lakini ungemwona anavyokata kona za hospitali na koti lake jeupe lililopigwa pasi, ungemwamkia kwa heshima zote na kumwonyesha jipu lako. Alikuwa mhudumu wa maabara. Kazi yake ilikuwa kuosha vioo, kuchemsha maji na kubeba. Hasa kubeba. Tangu Daktari Nicanor arudi kutoka masomoni Uingereza, mwaka wa tatu wa uhuru, Kamaludin ndiye aliyekabidhiwa themosi.

Themosi hiyo ilikuwa ya mdomo mpana, imejaa barafu, na katikati ya barafu mlikuwa na kichupa, na ndani ya kichupa mlikuwa na ini la mtu. Si zima, Mungu apishe mbali. Kipande tu, kiasi cha ncha ya kidole cha mwisho, alichokatwa mgonjwa ambaye tumbo lake lilikwisha funguliwa kwa maradhi mengine, na ambaye alikubali kabla ya kulazwa usingizi. Kutoka chumba cha upasuaji hadi maabara palikuwa na ukumbi mrefu, na daktari alikuwa amemwonya: ukisimama njiani kuamkiana na watu, ini linakufa, na ini lililokufa halina la kusema.

Maana Daktari Nicanor alitaka ini liseme. Wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wakipewa vidonge vilevile, kwa kipimo kilekile. Huyu akapona akaenda zake, yule akaanza kulia kwamba nyayo zinawaka moto, kisha vidole vinakufa ganzi. Kwa nini? Kwa sababu, alieleza daktari, ini ndilo linaloivunja dawa, na maini ya watu hayalingani. Liko la haraka, linaimaliza dawa kabla haijafanya kazi yake. Liko la polepole, linaiacha irundikane mwilini mpaka mishipa ya fahamu iungue. Basi alikisaga kipande juu ya barafu, akakichanganya na dawa, akakiweka katika maji yenye joto la mwili, na kila baada ya muda alipima dawa iliyobaki. Kisha mwenye ini lake alipangiwa vidonge vyake mwenyewe, kama fundi anavyokukatia kanzu kwa urefu wako. Wa haraka aliongezewa. Wa polepole alipunguziwa, akapewa na vitamini ya kuilinda mishipa.

Kamaludin aliyaelewa haya yote na aliyapenda. Ila alipenda zaidi kusifiwa. Daktari alikuwa mtu wa bara, Kiswahili chake kilikuwa safi lakini kikavu, na wagonjwa wa Mji wa Kale, hasa kina mama, walikuwa wakimtazama tu mpaka anyamaze. Kamaludin ndiye aliyevuta kiti, akauliza habari za jamaa na majirani, akazunguka, akafika. Watu kumi aliwaendea na kumi wakakubali. "Bila wewe, Kamal, nisingekuwa na hata kimoja," daktari alimwambia siku moja, na mhudumu wetu akarudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyeoa juzi.

Wa kumi na moja alikuwa Bi Tumu.

Bi Tumu alikuwa dada wa marehemu mama yake Kamaludin, naye ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne. Mama mwingine hakumjua. Walikaa pamoja katika nyumba ya mawe nyuma ya msikiti, na Bi Tumu alikuwa akidarizi kofia za vito, zile zenye vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi mmoja mmoja mpaka kofia nzima inasimama yenyewe. Kofia moja ilimchukua miezi, na watu wazima na ndevu zao walingoja kwa adabu. Alishona huku akisimulia, huku akigomba, huku akichungulia dirishani kuona nani kapita na nani. Vidole vilijua njia yao. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa, na mume alikwisha kumzika. Alikuwa na sindano na alikuwa na Kamaludin, na ukimuuliza alikuwa hana alichopungukiwa.

Alikuwa katika mwezi wa nne wa vidonge vya kifua, na kifua kimeanza kutulia, mawe ya nyongo yalipomkamata. Akalazwa, ikaamuliwa apasuliwe. Daktari Nicanor akaja kitandani, Kamaludin ubavuni pake.

"Mwambie mama kwamba kipande ni kidogo mno, hatajua kama kimetoka," daktari alisema. "Na nikishakipima nitajua dawa yake ya kifua iwe kiasi gani."

Bi Tumu aliyafahamu maneno ya daktari mwanzo hadi mwisho, lakini hakuona kuwa ni adabu kujibizana na mwanamume mgeni naye amelala chali. Akamgeukia mwanawe, wakanong'onezana.

"Nakitwae," alisema. "Lakini changu kirudi."

"Kirudi wapi, mama?"

"Mchangani, wapi tena? Wewe umesahau mguu wa Bwana Shamsudin?"

Hakuna aliyeusahau. Bwana Shamsudin alikanyagwa na lori kule bandarini Kilindini, na mguu ulipokatwa jamaa zake waliuchukua, wakaukunja katika kitambaa cheupe, wakauzika. Yeye mwenyewe aliishi miaka tisa baada ya hapo, na kila Ijumaa alikuwa akienda kwa magongo kuuzuru. Bi Tumu naye hakutupa hata unywele. Nywele zilizobaki kitanani alizikunja, kucha alizikusanya, vyote akavifukia. Alikuwa akisema kwamba Siku ya Kufufuliwa hataki kuzunguka akiwauliza watu viungo vyake viko wapi.

"Anasemaje?" daktari aliuliza.

Kamaludin alijua kwamba kipande kikishasagwa hakirudi. Kinakuwa uji, uji unakuwa maji, maji yanakwenda bombani. Alijua pia kwamba daktari alikwisha kumwambia tangu mwanzo: mwenye sharti tumwache, nisije nikaahidi nisichokiweza. Akiachwa, basi hatapimwa, na Kamaludin alitaka mama yake apimwe. Alitaka na ile sifa pia, tusimpake mafuta.

"Amekubali," alimwambia daktari. Kisha akamwinamia Bi Tumu. "Kitarudi, mama."

Siku ya upasuaji, asubuhi, alipita soko la Marikiti akanunua ini la mbuzi. Alijiambia kwamba kununua si kufanya. Mchinjaji alimwapia kwamba mbuzi kachinjwa alfajiri, damu yake bado ina moto, na Kamaludin, ambaye mikono yake ilikwisha zoea kazi, alilikata kipande kwa kiasi kilekile, akakitia katika kichupa, na kichupa akakizika katika barafu ndani ya kikapu chake. Hakufikiri kwa nini anakiweka kwenye barafu. Hakujua namna nyingine ya kubeba ini.

Hesabu yake ilikuwa hii. Nyama ya sokoni ni mfu. Daktari ataisaga, haitasema neno, atasikitika, ataandika kwamba kipande cha kumi na moja kimeharibika, na Bi Tumu ataendelea na vidonge vyake vya siku zote, vilivyokuwa vikimponya bila ya kumdhuru. Kipande chenyewe kitazikwa. Hapana aliyeumia. Ukimsikiliza mtu aliyekwisha kuamua, kila kitu huwa chepesi.

Alipokabidhiwa themosi alitembea nusu ya ukumbi, akaingia katika chumba cha mashuka, alimoficha kikapu, akabadilisha vichupa. Haikuchukua muda wa kufunga kamba za viatu. Kile cha Bi Tumu kilikuwa na karatasi yenye namba, akaibandua akaibandika kwenye kile cha mbuzi. Hakukosea. Baada ya alasiri alikwenda makaburini na kipande kimekunjwa katika pamba na kitambaa cheupe, akachimba kishimo kando ya kaburi la mama wa Bi Tumu, akakifukia, akasoma alichojua kusoma.

"Kimelala karibu na bibi," alimwambia Bi Tumu siku ya tatu, alipoweza kukaa.

Bi Tumu alimshika mkono akaubusu, yeye ambaye ndiye aliyestahili kubusiwa. Kamaludin alitoka nje akalia kwa furaha.

Furaha hiyo ilidumu mpaka kesho yake. Daktari Nicanor alikuja maabara na daftari lake kifuani, uso umemjaa kicheko.

"Kamal! Huyu mama yako ni ajabu. Ini lake limemaliza dawa haraka kuliko wote kumi. Yaani vidonge tunavyompa ni kama kumwaga maji mchangani. Kama tungemwacha hivi, kifua kingerudi."

Barafu ilikuwa imefanya kazi yake. Ini la mbuzi lilifika hai, na likasema.

"Daktari," Kamaludin alianza. "Pengine... pengine tupime tena."

"Kwa nini? Ulisimama njiani?"

"La."

"Themosi ilipata joto?"

"La, daktari."

"Basi." Akampiga bega. "Tutampa mara tatu ya kipimo hiki. Na vitamini haina haja, hiyo ni ya wa polepole."

Wakati wa kusema ulikuwa huo, na Kamaludin aliujua, na aliuacha upite. Aliona aibu. Aliogopa kufukuzwa kazi. Na zaidi ya yote aliogopa kwamba Bi Tumu akijua kuna udanganyifu ndani ya jambo hili, ile raha yake ya kujua kwamba kipande chake kimelala salama itaharibika. Akajiambia kwamba dawa zaidi ni kupona zaidi. Mtu anayeelewa vizuri namna hiyo kazi ya ini hakuwa na haki ya kujiambia hivyo, lakini alijiambia.

Mwezi wa pili Bi Tumu alianza kulala na nyayo zake juu ya sakafu tupu, apate baridi.

"Yaniwaka," alisema. "Utadhani nakanyaga makaa."

Kamaludin alikwenda mbio kwa Daktari Nicanor akiwa amekwisha kuamua kusema yote. Daktari hakuwapo. Alikuwa amesafiri juzi yake kwenda Ulaya kuwaeleza mabingwa habari za maini yake kumi na moja, kwa miezi sita, na daftari amekwenda nalo. Kamaludin alikuwa kazini siku ile ya kuagana, na alimpa mkono akamtakia safari njema, akidhani bado zimesalia siku chache kabla hajaondoka.

Hapo akafanya alichoweza, na alichoweza kilikuwa kidogo. Alimwambia Bi Tumu apunguze vidonge. Bi Tumu akamshangaa.

"Mimi nimepimiwa ini langu," alimjibu. "Wewe umepimiwa lini?"

Alijaribu kuviiba. Bi Tumu, aliyekuwa na kawaida ya kuvipanga juu ya kisahani baada ya sala ya alfajiri, aligundua siku ileile, akajitanda buibui, akaenda mwenyewe kliniki ya kifua, akapewa vingine. Kamaludin hakuthubutu kurudia. Kwani alijuaje kiasi gani ni sumu na kiasi gani ni tiba? Akipunguza mno, kifua kitamuua. Yeye alikuwa mwosha vioo.

Kisha ikaja mikono. Siku moja alirudi kazini akamkuta Bi Tumu amekaa dirishani na kofia nyeupe mapajani, anaitazama kwa hasira. Ilikuwa na madoa mekundu matatu.

"Tazama uchafu huu," alisema. "Mimi kofia yangu ipate damu! Na wala sikuhisi. Nimeona tu nyekundu."

Alikuwa amejichoma kidole mara tatu na kidole hakikumwambia kitu. Kamaludin aliuosha ule mkono, akakifunga kidole.

Kesho yake alimweleza Muuguzi Wanza wa kliniki ya kifua, mwanamke mnene mpole aliyekuwa akimpa Bi Tumu vidonge kwa mkono wake. Wanza alisikiliza mpaka mwisho, akaketi.

"Mimi siwezi kubadilisha neno kwenye kadi," alisema. "Lakini twende kwa daktari sasa hivi. Mimi na wewe."

Daktari aliyeshika nafasi ya Daktari Nicanor alikuwa mtu mzima, amechoka, na wagonjwa wamejipanga mpaka uwanjani. Aliitazama kadi ya Bi Tumu. Daktari Nicanor alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: ini la haraka sana, kipimo kisipunguzwe. Akamtazama Kamaludin.

"Unataka kuniambia kwamba daktari bingwa hakujua ini la mtu na ini la mbuzi?"

"Yakishasagwa yanafanana, bwana."

"Na wewe kwa miezi mitatu ulikuwa wapi?"

Muuguzi Wanza alimwombea Kamaludin, akaeleza habari za miguu na vidole. Daktari akasema sukari nayo huleta hivyo, na uzee pia, na kwamba wahudumu waliokwisha kukosana na wakubwa wao huja na hadithi za kila namna. Kuvunja amri ya wino mwekundu ilhali kifua cha mama kimekauka vizuri, kwa neno la mtu anayekiri mwenyewe kwamba ni mwongo, hawezi. Atamwandikia Daktari Nicanor. Jibu likija, ndipo.

Jibu lilichukua wiki saba. Kila asubuhi ya wiki hizo Kamaludin alimwona Bi Tumu akipanga vidonge juu ya kisahani, na kila wiki vidole vyake viliviangusha zaidi, mpaka ikawa Kamaludin mwenyewe ndiye anayeviokota sakafuni na kumpa. Kumpa! Akimpa maji, akimwona anavimeza, akisema bismillahi pamoja naye. Kila alasiri alipita kwa karani wa barua, na karani akawa anatikisa kichwa kabla hajaulizwa.

Simu ya maandishi ilipokuja ilikuwa na maneno machache. Rudisheni kipimo cha kwanza. Mpeni vitamini. Mara moja. Daktari Nicanor hakuandika neno kwa Kamaludin, wala hajamwandikia mpaka leo.

Miguu ilipoa. Baada ya mwezi Bi Tumu aliweza kuvaa viatu na kwenda kuwajulia hali jirani zake. Vidole havikurudi. Walingoja miezi mitatu, wakangoja mingine mitatu. Daktari wa kliniki alivichoma kwa sindano kimoja kimoja, Bi Tumu ametazama pembeni, na kwa kila kimoja mama akauliza, "Umeanza?" Ukoo mmoja ulituma mtu kuichukua kofia ya bwana harusi ambayo haijafika nusu, ikamalizwe na mwengine. Bi Tumu alimkabidhi, na siku ile hakula.

Baadaye alipata wa kumlaumu. Kila aliyekuja kumtazama alisimuliwa juu ya yule daktari wa bara aliyejidai kupima maini. Alimwapiza kwa jina. Alimwombea mikono yake naye ife. Kamaludin alisikia mara ya kwanza akanyamaza, akasikia mara ya pili, na ya tatu hakuweza.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Wageni walikuwa wamekwenda zao.

"Si yeye, mama," alisema. "Usimwapize. Ni mimi."

Akamwambia yote: alivyoitikia huku na kuitikia kule, Marikiti, chumba cha mashuka, barafu, wino mwekundu. Alieleza kwa kirefu kwa sababu alijua akinyamaza itabidi amtazame. Bi Tumu hakumkatiza hata mara moja, yeye ambaye hakuna mtu Mji wa Kale aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake.

Kamaludin alingoja amfukuze. Alingoja amlaani. Kuhusu vidole hakuulizwa.

"Kile ulichokizika karibu na mamangu," Bi Tumu alisema mwishowe. "Ni changu?"

"Chako, mama. Wallahi ni chako."

"Mbona waapa wallahi? Mimi uliniambia ndiyo, na daktari ukamwambia ndiyo, na zote ulizisema na uso huu huu." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina ugomvi, na hilo lilimtisha zaidi. "Ulinitia mimi na mbuzi katika kikapu kimoja. Wewe wasema vyafanana. Ntajuaje kwamba si mbuzi aliyelala na mamangu, na mimi nimemwagwa bombani?"

"Namba niliibandua mwenyewe, mama. Sikukosea."

"Wewe wasema."

"Nakuapia kwa..."

"Usiape. Viapo vyako sina pa kuviweka. Nipa ushahidi. Kimoja tu, nilale nacho."

Kamaludin alitafuta. Hakuna aliyemwona katika chumba cha mashuka. Makaburini alikwenda peke yake. Alitafuta kwa jasho, kama mtu anayetafuta ufunguo na mlango unawaka moto, mpaka akaufikia ushahidi uliopo, na alipoufikia akatamani angekuwa bubu. Kama ini lililofika kwa daktari lingekuwa la Bi Tumu, lingesema polepole. Angepunguziwa dawa. Angepewa vitamini. Leo angekuwa dirishani na kofia mapajani.

Hakusema. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda kwenye mikono ya mama yake, iliyolala juu ya mkeka viganja juu, na Bi Tumu, ambaye hakupitwa na kitu maisha yake yote, aliyafuata macho hayo mpaka yalipotua. Akaitazama mikono yake.

"Haya," alisema. "Basi kimezikwa."

Kisha akataka kujitanda leso yake, ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Kamaludin alikaa palepale mkekani, hajui kama bado ana ruhusa ya kumsaidia.